Nyumba Iliyo Juu ya Magurudumu: Wazee wa Marekani na Ziara ya Majira ya Baridi

Mtu akiulizwa kwao ni wapi hutaja mji, kisha mtaa, kisha mlango. Lakini wako watu ambao swali hilo huwatia katika fikra. Watu hao si mafukara waliokosa pa kulala. Ila mlango wao leo uko hapa, na juma lijalo utakuwa maili mia tatu mbele. Hao ni wazee wa Marekani waliokwisha kustaafu kazi, wakauza nyumba zao, wakawagawia watoto na majirani vyombo vyao, kisha wakahamia moja kwa moja katika gari lililojengwa mfano wa nyumba. Humo mna kitanda, jiko, choo, bafu, meza ya kulia na kabati la nguo. Gari la namna hiyo sisi tutaliita gari-nyumba. Liko liendalo kwa mtambo wake lenyewe, nalo huweza kuwa kubwa kama basi. Na liko tela lisilo na mtambo, ambalo hufungwa nyuma ya pikapu likavutwa.

Hatukukusudia kuwasifu watu hawa wala kuwalaumu. Twataka kutazama jambo moja tu katika maisha yao, nalo ni ziara wanayowafanyia watoto na wajukuu wao katika sikukuu za majira ya baridi. Katika ziara hiyo hudhihirika yale ambayo gari huweza kuyachukua, na yale ambayo haliwezi kuyachukua hata lingekuwa kubwa namna gani.

ASILI YA MAMBO HAYA

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1919 katika mji wa Tampa, jimbo la Florida, wasafiri wa magari waliokwenda kuikimbia baridi ya kaskazini waliunda chama kilichoitwa Tin Can Tourists, yaani Watalii wa Mikebe. Baadaye yakaja matela yaliyojengwa kwa ustadi zaidi, na leo mji wa Elkhart katika jimbo la Indiana wajulikana kuwa ndio kitovu cha kazi hiyo ya kuunda magari-nyumba.

Na msomaji asidhani kwamba khabari hii haijapata kugusa ardhi yetu. Bwana Wally Byam, mwasisi wa kiwanda cha matela ya Airstream, yale ya bati jeupe ling'aalo, aliongoza msafara wa matela 41 uliotoka Cape Town mwaka 1959 ukafika Cairo mwaka 1960. Msafara huo ulipita Afrika Mashariki na Uhabeshi kwa njia ambazo nyakati za mvua zilikuwa tope tupu.

MUSIMU WA KWENDA NA MUSIMU WA KURUDI

Manahodha wetu wa zamani walizijua pepo zao. Majahazi ya Arabuni yalikuja pwani kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi, na mtu aliyechelewa musimu alikaa ugenini mpaka pepo zigeuke. Wazee wa magari-nyumba nao wana musimu wao. Wakati wa joto hukaa majimbo ya kaskazini, kwenye milima na maziwa. Na baridi inapoanza kuuma hushuka kusini, Florida, Texas na Arizona, wasipate kuiona theluji. Kwa ajili hiyo Wamarekani wamewabandika jina la ndege wa theluji.

Pamoja na miji wanayoikusudia ni Quartzsite, mji mdogo wa jangwani katika Arizona. Wakaao humo mwaka mzima ni watu elfu chache tu, kwani wakati wa joto jua lake haliko mbali na moto. Lakini ufikapo mwezi wa Januari, jangwa lote huenea magari-nyumba. Idara ya serikali isimamiayo ardhi za umma imetenga maeneo ambayo mtu huweza kupiga kambi tangu tarehe 15 Septemba hata tarehe 15 Aprili kwa kibali kimoja, ambacho kwa miaka mingi ada yake ilikuwa dola 180. Mahali pengi katika kambi hizo hapana waya wa umeme wala bomba la maji mlangoni. Kila mmoja hupata umeme wake kwa vioo vya jua vilivyo juu ya paa, na maji huyachota akayaweka katika tangi.

Katika mji huo huo liko kaburi ambalo wasomaji wetu watapenda kulijua. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kwa merikebu ili wachukue mizigo katika majangwa ya kusini-magharibi, na pamoja nao wakaja wachungaji kutoka nchi za Dola ya Uthmaniya. Mmoja wao aliitwa Haji Ali, jina ambalo ndimi za wenyeji zililigeuza likawa Hi Jolly. Jeshi lilipouacha mpango wa ngamia, yeye hakurudi kwao. Mwaka 1880 alioa katika mji wa Tucson akazaa mabinti wawili. Kisha akatoka tena akaenda jangwani kutafuta madini, na huko Quartzsite akafa mwaka 1902. Mwaka 1935 pakajengwa juu ya kaburi lake piramidi ya mawe, na kileleni pakawekwa sanamu ya ngamia. Maelfu ya wazee wasafiri hupita hapo kila mwaka wakalitazama. Sisi twaona kwamba piramidi ile yawakumbusha watazamaji safari, lakini huenda wachache tu ndio wakumbukao wale mabinti wawili waliobaki Tucson.

ANWANI ISIYOKUWA NA MLANGO

Serikali haiwezi kumwandikia mtu barua juu ya magurudumu. Mmarekani hana budi kuwa mkazi wa jimbo fulani, apate leseni ya udereva, aandikishe gari lake, apige kura na alipe kodi. Basi wasafiri hawa wengi huchagua Texas, Florida au South Dakota, majimbo ambayo hayatozi kodi ya jimbo juu ya mapato ya mtu. South Dakota imejulikana sana kwa kuwa msafiri huweza kupata leseni yake kwa kuonyesha stakabadhi ya kulala usiku mmoja tu ndani ya jimbo.

Huko Livingston, Texas, pana makao makuu ya chama cha Escapees, kilichoasisiwa mwaka 1978 na Bwana Joe Peterson na mkewe Bibi Kay. Chama hicho huwapokelea wanachama wake barua, kikazikusanya, kikawapelekea popote walipo. Hivyo maelfu ya watu wana anwani katika mji huo mdogo, ilhali hawana humo hata chumba kimoja. Karatasi zao zasema ni wa Texas. Mioyo yao iko Ohio au Michigan, waliko wajukuu.

ZIARA INAYOKWENDA KINYUME CHA MUSIMU

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba Wamarekani hufanya sikukuu ya kushukuru, na tarehe 25 Desemba huja Krismasi. Skuli hufungwa, na hata watu wasiojali sana kanisa hukusanyika kwa wazee na ndugu zao. Lakini siku hizo ndizo ambazo babu na bibi wamekwisha kushuka kusini. Wakitaka kuwaona watoto walioko kaskazini, hawana budi kwenda kinyume cha pepo.

Wako ambao huacha gari kambini wakapanda ndege. Hao huwa wageni kama wageni wengine. Na wako ambao huendesha nyumba yao mpaka mlangoni kwa mtoto. Tuchukue mfano wa mzee na mkewe waliofika kwa mwana wao katika mji wa baridi. Watakutana na mambo matatu kabla hawajanywa chai.

Kwanza ni mahali pa kuegesha. Gari lenye urefu wa mita 10 au 12 haliingii kila uwanja. Miji mingi ina sheria zinazokataza gari la kulala kukaa barabarani, na mitaa mingine ina jumuiya ya wenye nyumba ambayo hairuhusu liegeshwe hata mbele ya nyumba ya mwanachama ila kwa siku chache.

Pili ni umeme. Gari-nyumba limetengenezwa kutumia umeme wa ampea 30 au 50, na tundu la kawaida la nyumba hutoa ampea 15 au 20 tu. Bibi akiwasha birika ilhali kipasha joto kinafanya kazi, mara umeme hukatika, na pengine hukatika ndani ya nyumba ya mwana pia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni maji. Maji huganda katika nyuzi 0, na yakiganda hufura yakapasua mabomba. Basi mpira wa maji hauna budi kuvishwa waya wa kupasha moto, au tangi lijazwe kisha mpira ufunguliwe ukaushwe. Maji machafu nayo yana matangi yake, moja la maji ya kuoshea na moja la choo, wala haijuzu kuyamwaga barabarani; hupelekwa mahali maalumu, na mahali hapo kwenye majimbo ya kaskazini pengi hufungwa wakati wa baridi. Na mtu akiziba kila tundu ili joto lisitoke, huku jiko la gesi lawaka ndani, aweza kuuawa na hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo wenye akili hawalali bila ya chombo kidogo ukutani kinachopiga kelele hewa hiyo inapozidi.

Taabu hizi zote mzee huzipata kwa hiari yake, ili amwone mjukuu akifungua zawadi. Haifai kuyadharau mapenzi yanayomtoa mtu wa miaka 70 kwenye jua la Arizona akaja kupambana na bomba lililoganda.

MGENI ALIYEKUJA NA KITANDA CHAKE

Ziara ya namna hii ina raha zake. Mke wa mwana hasumbuki kutafuta chumba. Mzee hulala katika kitanda alichokizoea, dawa zake ziko mahali pake. Na asubuhi watoto hukimbia katika theluji hatua kumi wakabisha mlango wa bibi. Kila upande una faragha yake, na faragha ni kinga ya ugomvi.

Lakini raha hiyo ina hatari ndani yake. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni akishakaa, huingizwa katika kazi na shida za nyumba, akawa mtu wa humo. Sasa mgeni aliyekuja na nyumba yake, nani atampa jembe? Mwana husema moyoni: wazazi wangu hawahitaji kitu, wana kila kitu humo ndani. Mzazi naye husema: sitaki kuwa mzigo, nitakaa kwangu. Basi hukaa majuma mawili mkabala, mlango kwa mlango, wakala pamoja, wakacheka pamoja, na hapana aliyemwuliza mwenziwe neno zito hata moja. Hatimaye mpira wa maji hukunjwa, waya wa umeme huchomolewa, na gari likaondoka. Kila mmoja adhani kuwa mwenziwe yu salama.

Kwa hiyo ziara njema yataka adabu kwa pande zote mbili. Mzee na aulize mapema kabla ya kuja, aseme siku ya kufika na siku ya kuondoka, achangie gharama ya umeme, na asiyafanye makazi ya mwanawe kuwa kambi. Mwana naye na ajue kuwa mtu huweza kuwa na kitanda, jiko na mtungi wa gesi, na hali anahitaji mtu wa kumwuliza hali.

WASIOWEZA KUFIKA

Tusidhani kuwa wote walioko njiani ni watu wa starehe. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, wengi walipoteza nyumba na akiba, wakaingia barabarani kwa kuwa pensheni haikutosha kodi ya nyumba. Bibi Jessica Bruder aliandika khabari zao katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, nacho kikafanyiwa filamu mwaka 2020. Watu hao hufanya kazi za musimu: kuvuna viazisukari, kulinda kambi, kufunga bidhaa maghalani. Kampuni ya Amazon kwa miaka kadhaa ilikuwa na mpango wa kuwaajiri wakaao katika magari-nyumba, kabla ya kuufunga mpango huo. Na zingatieni wakati wake: kazi ilikuwa nyingi zaidi katika miezi ile ile ya kabla ya Krismasi, ambapo watu hununua zawadi. Basi bibi mmoja husimama ghalani usiku kucha akifunga zawadi za wajukuu wa watu, na wake mwenyewe akawapigia simu tu. Na wapo miongoni mwao waonao haya kuwaambia watoto wao kwamba hawakuchagua barabara. Mtoto asikiapo "tunasafiri, tuko salama", na asitosheke na neno hilo.

NJIA INAPOKOMA

Kila njia ina mwisho wake. Macho hupungua nuru, mkono hupungua wepesi, na gari la tani nyingi si chombo cha kuendeshwa na mtu mwenye kusitasita, ijapokuwa katika majimbo mengi leseni ya kawaida yatosha kuliendesha. Mara nyingi pia katika watu wawili mmoja ndiye dereva, na mwenziwe hajapata kushika usukani. Siku dereva anapougua ghafula maili elfu mbili mbali na jamaa zake, mwenziwe hubaki na nyumba asiyoweza kuisogeza hata shibri moja.

Na hapa wengi hukosea hesabu. Mmarekani afikapo miaka 65 hupata bima ya serikali iitwayo Medicare, nayo husaidia gharama za hospitali na madaktari. Lakini bima hiyo hailipi gharama za mtu kukaa miaka katika makao ya wazee akioshwa, akilishwa na kuvishwa. Na mipango mingine ya kampuni za watu binafsi iliyojengwa juu ya Medicare hufunga mgonjwa kwa madaktari wa eneo moja, jambo lisilomfaa mtu asiyekaa eneo moja. Uangalizi huo wa muda mrefu huangukia akiba ya mzee mwenyewe, au mabega ya watoto wake.

Chama cha Escapees kililiona jambo hili mapema, kikafungua huko Livingston kituo kiitwacho CARE kwa ajili ya wanachama waliodhoofika kwa uzee au maradhi. Mzee huegesha gari lake humo, akaendelea kuishi ndani yake, huku akipewa chakula, akisaidiwa usafi wa nyumba na kupelekwa kwa daktari. Ni wema mkubwa wa wasafiri kwa wasafiri wenzao. Lakini pia ni ushahidi ulio wazi: watu hao waliona kwamba si kila mwanachama atakuwa na mtoto wa kumpokea siku njia itakapokoma.

Basi katika ziara ile ya baridi, watu wakisha kula na watoto wakisha kulala, yako maneno manne ambayo hayafai kuahirishwa mpaka mwaka ujao. La kwanza: ni nani wakala wenu wa kisheria, atakayesema na madaktari ikiwa ninyi hamwezi kusema? Hati ya uwakala huandikwa mtu akiwa na akili timamu, baadaye haiandikiki. La pili: wasia na karatasi zenu ziko wapi, na ni za sheria ya jimbo gani? La tatu: mmoja wenu akianguka njiani, ni nani kati yetu atakayepanda ndege aje, na gari atalirudisha nani? La nne, nalo ndilo zito kuliko yote: siku mtakapokabidhi funguo za gari, mwataka kukaa wapi na kuzikwa wapi?

Maneno haya ni machungu, na ndiyo sababu watu huyakimbia wakazungumza juu ya bei ya mafuta na hali ya barabara. Lakini yakisemwa na mtu aketiye karibu nawe, mkono wake begani pako, huwa ni huruma; yakisemwa kwa simu kutoka hospitali ya jimbo la mbali, huwa ni msiba.

KWA VIJANA NA KWA WAZAZI

Wengi katika wasomaji wetu hawatapata kuliona gari-nyumba. Lakini jamaa waliotawanyika wanawajua, kwani nyumba nyingi za pwani leo zina mtoto Maskati, mwingine London na mwingine Toronto, na wazazi wao huenda kuwazuru au hungoja kuzuriwa. Na tabia ya ziara ni moja duniani kote: furaha yake hufunika haja zake.

Enyi vijana, mzazi wako akija kukuzuru, au wewe ukenda kumzuru, usihesabu siku ulizokaa naye wala zawadi ulizompelekea. Hesabu mambo uliyomwuliza akakujibu kwa kweli. Mtazame anavyopanda ngazi, anavyosoma barua, anavyozihesabu dawa zake. Na usikubali jibu la "sisi hatuna shida" mpaka umeuliza mara tatu.

Nanyi wazazi, kujitegemea ni heshima, na hapana awezaye kuwanyima heshima hiyo. Lakini anayemficha mwanawe udhaifu wake hamwondolei mzigo. Amwahirishia tu, na mzigo ulioahirishwa humfikia mtoto usiku, mara moja, bila ya kujiandaa. Semeni mapema, mngali mmeketi pamoja na chai ingali moto.